Kura Yangu ya Kulala Nje

Mama alikuwa anarudi nyumbani ananuka vyumba vya watu. Hayakuwa manukato, wala halikuwa jasho lake mwenyewe. Ulikuwa ule mchanganyiko wa klorini, sabuni ndogondogo za waridi na zulia lililotoka kufyonzwa vumbi muda huohuo. Alikuwa mtandika vitanda katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, vyumba kumi na sita kwa siku, na Jumapili, wageni wanapoondoka kwa mkupuo, alikuwa anaongezewa vingine. Akifika kwetu Burnsville alivua viatu mlangoni, theluji bado imeng'ang'ania kwenye soli, akaketi jikoni na koti lake mwilini dakika tano hivi, kisha ndipo aseme, "Haya, mmekula?" Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilipompelekea maji nilipenda kumnusa shingoni. Mpaka leo nikiingia hoteli yoyote, kabla hata sijafika mapokezi, moyo unanishtuka, najihisi nimemkaribia Mama. Watu wengine wanakumbushwa mama zao na harufu ya nazi na iliki. Mimi yangu ndiyo hiyo, na siionei haya.

Msimu ninaousimulia ni wa baridi moja ya mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baridi ambayo ukitema mate yanafika chini yameshaganda, au ndivyo Baba alivyowaambia ndugu zake wa Tanga kwenye simu, maana Baba kwa kutia chumvi hajambo. Alikuja Minnesota, huku Marekani, kusoma, akamaliza, akapata kazi ya ofisini, na mwaka ule alipopandishwa cheo alituahidi mimi na mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa na miaka minne, kwamba likizo ya mwezi wa tatu atatupeleka Florida, kwenye bustani kubwa ya michezo. Darasani kwangu kila mtoto alikuwa ameshakwenda huko, isipokuwa mimi na msichana mmoja wa Kisomali, na yule wa Kisomali alikuwa akisema eti hataki. Ahadi ni deni, nami nilikuwa mdai asiye na haya: kila asubuhi Baba akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, nilisimama pembeni nikitetemeka na kumkumbusha. "Zuhura mwanangu," alikuwa akisema, "hata Mungu haombwi hivyo."

Baba alipiga simu kuulizia, na baada ya wiki mbili ikaja bahasha nene kwa posta, ndani yake kitabu cha picha na kanda ya video ya bure. Kanda ile tuliitazama mpaka picha zikaanza kucheza. Mimi na Hamisi tulingojea yale magari ya reli yanayopinduka miguu juu na watu wanapiga mayowe, tukapiga mayowe nasi kwenye kochi hadi jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Mama alikuwa na kipande chake kimoja tu. Kilikuwa mwisho mwisho, pale wanapoonyesha hoteli iliyomo ndani ya bustani yenyewe: mlango unafunguliwa, familia inaingia na mabegi, na mbele yao kitanda kipana, shuka nyeupe pepepe, mito minne imesimama. "Simamisha hapo hapo," alikuwa akisema, na mimi nilibonyeza. Alikitazama kitanda kile kama fundi cherehani anavyotazama gauni la mwenzake. "Huyu kajitahidi," alisema. "Lakini mto wa kushoto umelala. Angekuwa kwa supavaiza wangu angerudishwa akaanze upya." Tulicheka sana.

Siku moja tulikuwa wawili tu sebuleni, Baba hajarudi na Hamisi amelala. Nikasimamisha picha pale pale bila kuombwa, nikidhani atatoa kasoro tena tucheke. Hakutoa. Aliniambia, macho yake hayajatoka kwenye televisheni, "Zuhura, mimi nataka siku moja niamke, nikiache kitanda kama kilivyo, nitoke. Nirudi jioni nikute kimetandikwa. Na aliyekitandika nisimjue." Akacheka kidogo, kama mtu aliyeomba kitu kikubwa mno, akaenda kuosha mchele. Maneno hayo aliniambia mimi peke yangu. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Tukabaki na hoja ya ndani au nje. Kulala ndani maana yake ilikuwa hoteli ile ya bustani: unatoka mlangoni kwa miguu umeshafika kwenye michezo, ukichoka unarudi kujinyoosha, ukitaka unatoka tena. Kulala nje kwa watu wengine kungekuwa hoteli za barabarani, lakini kwetu kulikuwa na maana moja tu, nayo ni nyumbani kwa Baba Mdogo Seif. Seif alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Baba, walilelewa nyumba moja, na alikuwa akiishi nusu saa kwa gari kutoka kwenye bustani ile. Kwa Baba hapakuwa hata na hoja. Ndugu yako ana nyumba katika mji, ana maji, ana sebule, na wewe unakwenda kulala hotelini? Umemtangaza kwamba hafai. Habari ingefika Tanga kabla sisi hatujafika Burnsville. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Tena Rukia mkewe kajifungua majuzi, hana hata siku arobaini. Tutakuwa tumekwenda kumwona mzazi." Mama alikuwa anakoroga mchuzi. Aliposikia habari ya mzazi aliuweka mwiko chini, akaushika tena, akaendelea kukoroga. Mimi nilidhani umemuunguza.

Jirani yetu wa ghorofa ya pili, Mama Wanjiru, Mkenya aliyekuwa nesi, yeye hakumung'unya maneno. Alikuja kuazima sufuria ya pilau akakuta mjadala, akamwambia Mama mbele ya Baba, "Wewe, mwambie mzee abook hoteli, bana! Si ni likizo? Ama mnaenda kufanya kazi?" Baba alicheka kwa adabu. Jirani alipoondoka, Baba alisema Wakenya wameshakuwa Wazungu, undugu kwao ni kadi ya sikukuu. Mama alisema, "Mama Wanjiru ni mtu mzuri."

Baba alikuwa kiongozi wa wanafunzi ujanani, na mambo ya nyumbani alipenda yaende kwa kikao. Jumapili moja baada ya chakula akafuta meza, akakaa kwenye kiti chake, akafungua kikao kabisa, "Agenda ni moja." Hamisi alinyimwa kura kwa sababu ya umri, akalia, akapewa biskuti. Baba alieleza upande wa nje kwa robo saa nzima: undugu, mzazi, wali wa nyumbani, na kisha, akinitazama mimi, kwamba tukilala kwa Seif tutaweza kukaa bustanini siku tatu, lakini tukilala ndani pesa zitatosha siku mbili tu. Siku ya tatu! Nilikuwa nimeshapanga kichwani kila mchezo, na siku mbili hazikutosha. Ikafika zamu ya Mama kueleza upande wa ndani. Alisema, "Mimi ningependa ndani." Baba akamuuliza sababu. Mama alinitazama mara moja, akaangalia meza. "Nimependa tu," alisema.

Angesema mwenyewe, hata leo nawaza, labda Baba angelegea, maana hakuwa mtu mgumu. Lakini utamwambia nini mumeo mbele ya watoto, kwamba miaka sita unatandikia watu na wewe unataka kutandikiwa? Mama alikuwa mtu wa haya. Ile siri alikuwa ameiweka kwangu, na kwenye kikao kile mimi ndiye niliyekuwa na kinywa cha kuitoa. Baba akasema, "Kura moja ndani, moja nje. Zuhura?" Sisi watoto wa kule tulizoea kujibu kwa Kiingereza hata tukiulizwa kwa Kiswahili. Siku ile, kwa kutaka kumfurahisha Baba, nilijibu kwa Kiswahili safi. "Nje," nilisema.

Mama alitabasamu. Akakusanya sahani akisema, "Haya, wengi wape." Ndivyo msemo ulivyo, wengi wape, usipowapa watajitwalia wenyewe. Nilimsikia akifungua bomba jikoni na nikajua nimefanya kitu kibaya, lakini nilikuwa na siku yangu ya tatu, na mtoto ni mtoto, nilikwenda kuwasha kanda.

Tulisafiri kwa gari siku mbili, tukaiacha theluji nyuma yetu hatua kwa hatua mpaka Hamisi akavua soksi. Tulipofika kwa Baba Mdogo Seif ilikuwa adhuhuri. Mlango ulifunguliwa na Rukia mwenyewe, amejifunga kanga mbili, amekonda, macho mekundu, mtoto begani. Mama yake mzazi alikuwa aje kutoka Tanga kumlea arobaini yake, akanyimwa viza. Seif alikuwa anafanya kazi mbili. Msichana wa watu alikuwa peke yake wiki tatu nzima, hajui hata kufunga mkaja, kile kitambaa cha kubana tumbo la mzazi. Alipomwona Mama alianza kulia pale pale mlangoni. "Dada," alisema, "Mungu kakuleta." Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alipewa jembe mlangoni, hajavua hata viatu. Na simlaumu Rukia, ningelikuwa mimi ningelia zaidi.

Kuanzia mchana ule Mama hakukaa. Alichemsha maji, akamkanda Rukia kwa taulo za moto, akamfunga tumbo, akampikia uji wa pilipili manga na supu ya kuku, akamwogesha mtoto na kumnyoosha viungo, akafua nepi, akapikia watu sita. Usiku sisi tulilala kwenye magodoro sebuleni, na alfajiri Mama alikuwa wa kwanza kuamka, akayakunja, akakunja mashuka, akaweka mito juu ya kabati ili sebule iwe sebule. Siku ya kwanza ya bustani alisema, "Tangulieni, mimi nitakuja kesho, mtoto ana chango." Kesho yake alisema tena kesho. Tiketi yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Baba. Asubuhi ya siku ya tatu Baba alimwambia, kwa sauti ya chini lakini nilisikia, "Mama Zuhura, leo njoo japo nusu siku, mimi sijisikii vizuri kwenda bila wewe." Mama alimjibu, "Nikimwacha huyu leo atakula nini? Nendeni. Kila mtu kashika lake." Nadhani Baba alianza kuelewa siku ile. Njia nzima hakutia chumvi kwenye kitu chochote.

Siku ya tatu niliyoipigia kura niliipata. Nilipanda kila nilichotaka, mara mbili, tatu, mpaka nikatapika karibu na duka la kofia. Baba akamshika Hamisi mkono, tukatafuta choo cha karibu, na cha karibu kilikuwa kwenye hoteli. Ndiyo ile ile ya kwenye kanda. Niliingia peke yangu, nikanawa uso, na nilipotoka, badala ya kugeuka kushoto kwa Baba, nikageuka kulia kwenye korido ndefu yenye zulia la kijani. Kulikuwa na toroli la mashuka limesimama na mlango wa chumba uko wazi. Ndani alikuwa mama mmoja mfupi, mweusi kama sisi, anatandika. Alirusha shuka moja hewani likatua lote sawasawa, akapiga mito, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama kitanda. Dirishani palionekana maji na maua. Na ile harufu, harufu ya shingo ya mama yangu, ilikuwa imejaa chumba kizima. Yule mama aliniona, akatabasamu, akaniuliza kama nimepotea. Nikatimua mbio.

Tuliporudi kwa Seif, Mama alikuwa amepiga magoti sebuleni anatutandikia magodoro yetu. Aliniuliza kama nimefurahi, nikasema ndiyo. Aliniuliza nilipanda nini, nikamtajia. Kisha, huku anachomeka shuka chini ya godoro, akauliza kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa, "Na ile hoteli ya ndani, mliiona?" Nikamwambia, "Tuliiona, Mama. Mbaya. Ndogo halafu chafu. Bora hatukulala." Sikujua nitasema hivyo mpaka niliposikia sauti yangu. Nilitaka asiumie, na nilitaka mimi nisiwe na kosa, na yote mawili niliyatia kwenye uongo mmoja. Mama alinyoosha kona ya shuka. "Kumbe," alisema. "Basi heri." Nikaenda chooni kunawa miguu na nikajiona mwerevu, kwa muda wa kama dakika moja.

Njia yote ya kurudi Minnesota Mama alilala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri alitoka kwenda kazini. Mama Wanjiru alipouliza safari ilikuwaje, Mama alimjibu, "Tulifurahi sana. Mtoto wa Rukia sasa ananyonya vizuri." Kanda ilibaki juu ya televisheni, lakini hakuomba tena kusimamishiwa picha, na sababu ya kutoiomba niliijua mimi. Kura yangu ilimnyima chumba. Uongo wangu, ndivyo nilivyoamini miaka yote hii, ulimnyima hata hamu yake. Baba aliahidi kwamba mwaka unaofuata tutakwenda tena na safari hiyo itakuwa ndani, hoteli, mambo yote. Mwaka uliofuata gari liliharibika injini, wa pili yake bibi aliugua Tanga, wa tatu mimi nilikuwa msichana mkubwa na sikutaka kuonekana na wazazi wangu popote. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nasi tulingoja mpaka tukasahau tulikuwa tunangoja nini.

Leo ninaishi Oakdale, huku huku Minnesota, na kazi yangu inanilaza hotelini wiki moja katika kila mwezi. Chumba kizuri sasa kinapatikana kwa kugusa simu kwa kidole kimoja, huhitaji kanda wala bahasha, na uwezo ninao. Ningeweza kumpeleka Mama kulala ndani ya bustani ile mwezi mzima. Lakini mwaka juzi kiharusi kilimpiga upande wote wa kulia, na sasa yuko kwangu, kwenye chumba kinachopata jua la asubuhi. Mchana Baba anakaa naye, anamsomea habari za Tanga kwenye simu, na siku hizi haitishi vikao. Asubuhi kabla ya kazi mimi ninamtandikia, na nikisafiri anamtandikia Baba. Kitanda cha mgonjwa kinatandikwa mwenyewe akiwa humo humo: unamgeuza upande mmoja, unakunja shuka chafu kumfuata mgongoni, unatandaza safi, unamgeuza upande wa pili, unavuta. Mama aliomba kutandikiwa siku moja. Mungu kampa kila siku, na anayemtandikia anamjua vizuri sana.

Mwezi uliopita nilishindwa kuendelea kunyamaza. Nilikuwa nimemgeuzia upande wangu, uso wake umekaribia wangu, nikamwambia, "Mama, ile hoteli ya Florida nilikudanganya. Ilikuwa nzuri. Nilikiona chumba. Kilikuwa kizuri kuliko kwenye kanda." Maneno yake siku hizi yanatoka kwa shida, moja moja, na mengine hayatoki kabisa, nikadhani hata hajui ninazungumzia nini, maana ni zaidi ya miaka ishirini. Nikaanza kuvuta shuka. Ndipo aliposema, "Najua." Akapumzika. Akasema tena, "Ulirudi... huniangalii."

Alijua tangu siku ile, akiwa amepiga magoti pale sebuleni kwa Seif. Ile "basi heri" alinipa mimi, nilale. Niliendelea na kazi kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Nikamgeuza taratibu atazame dirishani, nikachomeka shuka upande wa nyuma, na nikalia hapo, nyuma ya mgongo wake, asinione.